Maswali ya Wasomaji: Kihispania cha Duka la Viatu

SWALI: Nimeanza kazi katika duka la viatu hapa Houston, Texas. Wateja wengi wanatoka Meksiko. Nimekariri "¿En qué le puedo ayudar?", nikusaidie nini, lakini mteja akishajibu, nimepotea. Tena wengine wanataja saizi ambazo hatuna kabisa.

JIBU: Swali lako ni la adabu, ila linamruhusu mteja aseme lolote, na hilo lolote ndilo linalokushinda. Msalimie "Buenas tardes", habari za mchana, kisha uliza swali lenye jibu fupi: "¿Qué número calza?", unavaa namba ngapi. Kwa viatu sema número. Talla ni ya nguo.

Kuhusu saizi, Meksiko viatu hupimwa kwa sentimita. Kiatu cha kiume toa 18: akisema "veintisiete" (27), lete 9 ya Marekani. Cha kike toa 17: 24 ni 7. Viwanda havilingani, kwa hiyo ukiingia stoo beba na ile ya nusu namba juu. Kabla ya kwenda mwambie "Permítame, voy a ver en la bodega", ngoja nikaangalie stoo. Usimwache amesimama tu.

Akishavaa: "¿Cómo le quedan?", vinakukaaje. Hapa majibu ya kukariri ni machache. "Me aprietan", vinanibana. "Me quedan flojos", vinapwaya. "Me los llevo", navichukua, na hapo umeuza. Kama namba imekwisha: "Ya no tenemos el veintisiete. ¿Quiere probarse el veintisiete y medio?", 27 imekwisha, ungependa kujaribu 27 na nusu?

Shikilia le ya heshima, usiseme te, hata kwa kijana. Te ni ya watu waliozoeana.

SWALI: Niko kaunta. Nikitaja bei mteja ananiuliza "¿Mande?" Nakosea wapi?

JIBU: "¿Mande?" ni "naam?" au "abee?" ya Kimeksiko, hakugombezi, hakusikia tu. Mara nyingi kosa liko kwenye sesenta (60) na setenta (70): herufi moja, dola kumi. Tamka polepole, huku ukimwonyesha skrini.

Irabu hazikupi shida, a e i o u ni zile zile zetu. Ñ ni ny ya nyanya, j ni kama h, na h yenyewe haitamkwi. Kinachotuponza ni mkazo. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la Kihispania linaloishia kwa irabu, n au s kwa kawaida hufuata hivyo hivyo. Likiishia konsonanti nyingine mkazo huenda mwisho: ayuDAR, si aYUdar. Penye alama, fuata alama: esta ni "hii", está ni "iko".

Ugomvi mwingine wa kaunta ni kodi. Houston ni asilimia 8.25, na haimo kwenye lebo: viatu vya dola 59.99 vinalipiwa 64.94. Sema mapema "más impuesto", ongeza kodi, kisha "¿Efectivo o tarjeta?", taslimu au kadi.

Akitaja cambio, tazama mikono yake kwanza. Ameshika noti, anadai chenji. Ameshika boksi na risiti, anataka kubadilisha viatu. Akisema feria, hiyo ni chenji tu.