Matiti yanauma, kipimo kimetoa mstari mmoja: je, nina mimba?

SWALI: Shikamoo nesi. Niko Uyole, Mbeya. Huu ni mwezi wa tano tunatafuta mtoto na mume wangu. Mzunguko wangu ni wa siku 31. Tulilenga siku ya 14, leo ni ya 24. Matiti yanauma, tumbo limejaa, nachoka na nasikia baridi. Jana nimepima mkojo, mstari mmoja. Nimekosa tena?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kusubiri. Miezi mitano ni mirefu, hasa mkiwa na ndugu wanaouliza kila wakija.

Turudi kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye jibu. Siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Tangu yai litoke hadi damu ianze ni kama wiki mbili, kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma: 31 toa 14, yai lako lilitoka karibu na siku ya 17. Leo basi zimepita kama siku saba tu. Mimba hujishikiza kwenye mji wa mimba kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka, mara nyingi ya 8 hadi ya 10, na homoni ambayo kipimo hutafuta huanza kupanda baada ya hapo. Mstari wa jana haujakwambia ndiyo wala hapana.

Matiti nayo hayawezi kukujibu sasa. Yai likishatoka, mimba iwepo isiwepo, mwili hutoa homoni iitwayo projesteroni, na hiyo huumiza matiti, hujaza tumbo na huchosha. Kichefuchefu kwa wengi huja wiki ya 5 au 6 tangu hedhi ya mwisho. Nakuomba usijichunguze kila asubuhi, utaumia bure.

Baridi ya Uyole tunaijua, lakini ukiwa na homa, hasa kama ulishuka Kyela, kule bondeni kwenye joto na mbu, karibuni, kapime malaria na uwaambie kuwa huenda una mimba. Wakati huu usinywe diklofenaki, ile dawa ya maumivu, wala dawa za mizizi za kusafisha kizazi.

Siku ya 32 damu isipoonekana, pima kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mstari ukiwa mmoja na damu bado, rudia baada ya siku tatu. Vitamini ya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, anza leo bila kusubiri jibu. Damu ikija, mwezi ujao kutaneni kila baada ya siku moja kuanzia ya 12 hadi ya 18. Mbegu huweza kuishi hadi siku 5, yai halizidi siku moja.

Kipimo kikionyesha mimba, kisha ukapata maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu au damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mimba inaweza kuwa imekaa kwenye mrija wa uzazi, nje ya mji wa mimba.