Goti, kiti na maji ya Mikindani

Goti la kulia lilinigomea msimu wa korosho. Kutwa unainama, unachuchumaa, unanyonyoa korosho kwenye bibo, unahamia mkorosho mwingine. Siku ya tatu nilishindwa kuinuka, mjukuu akanivuta mkono.

Nyumbani wakasema ni baridi yabisi, nitulie. Miezi miwili mkekani paja likanywea, goti likazidi kukakamaa. Kwa aibu nikajiunga na vijana wa jogingi. Tukakimbia mpaka Shangani, hapa Mtwara, viatu vyangu soli zimelika. Jioni goti lilikuwa kama fenesi.

Binti wa mazoezi tiba aliniamkia, akaliminya, akatabasamu. "Mzee wangu, umekosea mara mbili: kutulia, halafu kukimbia." Gegedu, ule mto unaozuia mifupa isisagane, halina mishipa ya damu, hulishwa na ute wa kiungo, na ute husambaa kiungo kikichezeshwa. Paja likiwa legelege, mzigo wote unaliangukia goti.

Basi jimu yangu ni kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani. Nakaa, nanyoosha mguu taratibu, nahesabu hadi tano, nashusha. Mara kumi, kisha mguu wa pili. Asubuhi goti likiwa gumu nalikanda kwanza kwa kitambaa cha maji ya moto.

Jioni natembea baharini, Mikindani, maji yakiwa kiunoni. Hapo maji yanakubebea karibu nusu ya uzito wako. Vaa viatu, magamba ya chaza yanakata, na usiende peke yako. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, siingii.

Kipimo changu ni saa. Maumivu kidogo wakati wa zoezi nayavumilia. Yakipita saa mbili baada ya kumaliza, kesho napunguza. Ndiyo maana kabla ya mazoezi simezi dawa ya kutuliza maumivu. Ni kumziba mdomo mlinzi, halafu unashangaa umeibiwa. Na goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, au ukapata homa, acha mazoezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Korosho sasa wanaokota wajukuu, mimi nazianika. Majini nimefika dakika 25. Ngazi za msikiti bado nashika ukuta: kupanda natanguliza mguu mzima, kushuka natanguliza mbovu.