Re: Kusoma Torati kunamfanyaje Myahudi amjue Mungu?

Mkuu, umeuliza mtu atamjuaje Mungu kwa kusoma sheria za ng'ombe, ukoma na sadaka. Kwa Wayahudi, sheria ni mapenzi yake: ukiielewa hukumu ya ng'ombe apigaye watu pembe (Kutoka 21), umeshika jambo analolitaka. Ila Sifre, mafafanuzi ya kale, yanasema anayetaka kumjua aliyenena na ulimwengu ukawa, ajifunze agada, yaani masimulizi na mafundisho yasiyo ya sheria. Soma vyote.

Torati ina parasha 54, yaani sehemu za kusomwa juma kwa juma, mzunguko wa mwaka mmoja unaofungwa kwenye sikukuu ya Simchat Torah. Kila parasha ina mafungu saba. Chukua moja kwa siku kuanzia Jumapili. Andiko husomwa mara mbili, kisha Onkelos, tafsiri yake ya Kiaramu, mara moja. Asiyejua Kiaramu husoma ufafanuzi wa Rashi (1040–1105). Majuma yanayosomwa parasha mbili kwa pamoja ndiyo huwaangusha wengi, kwa hiyo usilimbikize.

Kosa kubwa ni kumsoma Rashi kama kamusi. Mara nyingi anajibu swali asilolitaja, na kazi yako ni kulitafuta. Mwanzo 1:1 analitaja wazi: kwa nini Torati haikuanzia Kutoka 12:2, amri ya kwanza waliyopewa Israeli? Anajibu kwa Zaburi 111:6: aliyeumba dunia ndiye mwenye dunia, na humpa nchi amtakaye. Swali la mpangilio wa kitabu, jibu linamhusu Mungu.

Tafuta pia havruta, mwenzako wa kubishana naye. Peke yako utaridhika na jibu la kwanza.