Kifaransa cha nyumbani: usimwachie mtoto programu peke yake

Binti yangu alikuwa na miaka saba alipomaliza hatua ya kwanza ya programu yetu ya Kifaransa. Pointi alikuwa nazo tele. Jioni moja, skrini ikiwa imezimwa, nikamuuliza, "Comment tu t'appelles?" yaani "Unaitwa nani?" Akanitazama tu. Swali lile alikuwa amelibonyeza mara nyingi, lakini hakuwahi kulijibu kwa mtu aliyekaa mbele yake.

Tangu siku hiyo tunakaa pamoja, mimi, yeye na mdogo wake. Dakika 15 kila siku, si saa nzima mwisho wa wiki. Visikilizi tumeviweka kando ili sauti tuisikie wote, na kila sentensi tukishaisikia tunaambiana sisi kwa sisi. Mzazi si lazima ujue Kifaransa. Mimi najifunza pamoja nao.

Anza na sikio. Mtoto aliyezoea kusoma Kiswahili hutamka kila herufi anayoiona, na Kifaransa hakiendi hivyo: "il parle" (anaongea) na "ils parlent" (wanaongea) husikika sawa, ile -ent haitamkwi kabisa. Kama programu inakuruhusu kuficha maandishi, yafiche wiki za mwanzo. Yetu haikuruhusu, nikawa naziba chini ya skrini kwa karatasi. Wakishazoea kusikia "lezami", siku wakiona "les amis" (marafiki) hawababaiki.

Sauti ya "u" ya Kifaransa ndiyo iliyotutoa jasho. Wanangu walikuwa wakisema "tu" (wewe) kama "tout" (yote), ambalo husikika kama "tu" ya Kiswahili, na programu ikawapitisha bila neno, kwa hiyo alama zake za matamshi siziamini sana. Kilichosaidia ni hiki: sema "i" ndefu, ulimi uache hapo hapo, kisha viringisha midomo kama unayepuliza mshumaa. Halafu tukacheza na kijiko. Nikisema "dessus" wanakiweka juu ya meza, nikisema "dessous" wanakiweka chini yake. Ndipo walipoona wenyewe kwamba sauti hizo mbili zina kazi tofauti.

Jambo jingine: programu nyingi hufundishia kwa Kiingereza. Tafuta inayofundisha kwa picha, la sivyo mtoto atafanya kazi ya kutafsiri mara mbili. Tena zile zinazoeleza kwa Kiingereza hutumia muda mwingi kumzoesha mwanafunzi kwamba kwa Kifaransa meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume. Mtoto wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hivyo. Anasema "kitabu kikubwa" na "meza kubwa" tangu akiwa mdogo, upatanisho anaujua. Nikawaambia wangu kwamba Kifaransa kina ngeli mbili tu, na kila neno lina yake: un livre (kitabu), une table (meza), un grand livre, une grande table. Sasa hatuandiki neno jipya kwenye kadi bila "un" au "une" mbele yake. Mdogo akikuta kadi isiyo nayo, anairudisha kwangu nimalizie.