Shingo nyeusi ya binti: weka dodoki chini

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 12, kilo 68, urefu sentimita 154. Tangu avunje ungo mwaka jana, shingo na makwapa vimekuwa vyeusi. Namsugua kwa dodoki, weusi hautoki. Majirani wanasema ni unene wa utoto, balehe itampunguza. Ni kweli? – Mama, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mama. Acha kumsugua, unamuumiza bure. Weusi huo mnene, laini kama mahameli, si uchafu. Mara nyingi huletwa na insulini (homoni inayoingiza sukari ya damu kwenye seli) iliyozidi kwenye damu, ambayo huchochea seli za ngozi kuzaliana kupita kawaida.

Mtoto yeyote anapobalehe, hata mwembamba, homoni ya ukuaji hupanda, nayo hupunguza nguvu ya insulini. Katikati ya balehe mwili huitikia insulini pungufu kwa karibu theluthi moja. Kongosho hufidia kwa kutoa insulini nyingi zaidi, na balehe ikiisha hali hurudi ilivyokuwa. Shida ya binti yako ni kwamba mafuta ya tumboni na ya kwenye ini huleta usugu huohuo wa mwili kwa insulini, na yenyewe hayaondoki balehe ikiisha. Kwa uzito na urefu ulioandika, BMI yake (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ni karibu 28.7. Kwa msichana wa miaka 12, Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, kuanzia juu kidogo ya 25. Kwa hiyo majirani sikubaliani nao.

Insulini hiyo haiishii kwenye sukari. Huchochea ovari kutengeneza testosteroni, homoni ya kiume, na hulifanya ini lipunguze protini inayoishika homoni hiyo kwenye damu. Ndipo huja chunusi nyingi, ndevu kidevuni na hedhi za kurukaruka. Hedhi kuyumba mwaka wa kwanza ni kawaida; baada ya hapo, akipitisha siku 90 bila kuiona, mlete. (Wenye wavulana wanene: mafuta hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, hivyo matiti yanaweza kuota. Msimcheke mtoto.)

Mpeleke hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, asubuhi, kabla hajala chochote. Sukari chini ya 5.6 (kwa kipimo cha mmol/L) ni salama, 5.6 hadi 6.9 ni dalili ya kuelekea kisukari, 7.0 na kuendelea ni kisukari, ingawa asiye na dalili hurudiwa kipimo kwanza. Omba pia apimwe presha, mafuta ya damu na ini.

Usimshindishe njaa, bado anarefuka. Na dagaa na migebuka sina ugomvi. Ugomvi wangu ni soda, juisi za pakiti, chai ya vijiko vinne vya sukari na mlima wa ugali wa muhogo. Mawese yapimwe: kijiko kimoja cha chakula kina kalori zaidi ya 100. Acheze, aruke kamba, atembee kwenda shule, jumla dakika 60 kila siku, kwa sababu msuli unaofanya kazi huchukua sukari bila kuihitaji sana insulini. Uzito ukisimama huku urefu ukiongezeka, hayo tayari ni mafanikio, na weusi hufifia taratibu.

Akianza kukojoa mara kwa mara usiku, kiu isiyokatika, au kukonda ghafla, usingoje miadi. Mlete siku hiyohiyo.