Niombe itifaki gani kwenye VPN ya ofisi?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa kampuni ya usafirishaji, niko Tanga. Mfumo wetu wa mahesabu uko kwenye seva ya makao makuu, Dar es Salaam, nami huingia kwa VPN (njia ya siri ya kufika ofisini kupitia intaneti) nikiwa nyumbani au safarini. Mtu wetu wa IT alituwekea itifaki (kanuni za kuunganisha) ya PPTP kwa sababu ni nyepesi. Sasa tunabadilisha ruta, na hii mpya ina L2TP, IKEv2, OpenVPN na WireGuard. Niombe ipi? Natumia bando la simu na Wi-Fi za hoteli.

JIBU: Dada, kwanza PPTP itolewe leo, msingoje hiyo ruta mpya. Ni itifaki ya miaka ya 1990, na njia inayotumia kuhakiki nywila, MS-CHAPv2, ilivunjwa hadharani mwaka 2012. Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba mtu akishanasa mawasiliano yako ya kuingia, kilichobaki ni kutafuta ufunguo mmoja tu wa DES (usimbaji wa zamani wa kuficha data), kazi ya siku moja kwa mashine iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Nywila yako iwe ndefu au fupi, kwake ni yaleyale. Na wa kuyanasa anaweza kuwa mgeni yeyote aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi ya hoteli uliyofikia. Apple waliiondoa PPTP kwenye simu na kompyuta zao mwaka 2016.

Omba WireGuard. Aliyeitunga ni Jason Donenfeld, na tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kuanzia toleo la 5.6. Msimbo wake pale ni kama mistari 4,000, kiasi ambacho mkaguzi mmoja anaweza kukisoma chote. Tena haina orodha ya njia za usimbaji za kuchagua: ni ChaCha20, Poly1305 na Curve25519, basi. Hilo ndilo ninalolithamini kuliko hata kasi yake, kwa sababu matundu mengi ninayoyakuta maofisini hayatokani na itifaki mbovu, yanatokana na itifaki nzuri iliyopangwa vibaya.

Kwa safari zako kuna faida nyingine. Seva ya WireGuard inakutambua kwa ufunguo wako, haijali unatokea anwani gani ya IP. Ukitoka kwenye Wi-Fi ukaingia kwenye data ya simu, kazi inaendelea bila kuingia upya. Kuhusu bando, hakuna itifaki ya kukupunguzia matumizi. WireGuard huongeza baiti 60 kwa kila pakiti (kipande cha data kinachosafiri), yaani kama asilimia 4 ya pakiti kubwa. Hutaliona.

Kitakachoweza kukusumbua ni hiki: VPN inasema imeunganishwa, ukurasa wa kuingia unafunguka, lakini ripoti kubwa inakwama njiani. Watu wengi hapo humpigia simu mtoa huduma kulalamika. Mara nyingi tatizo ni ukubwa wa pakiti. WireGuard huanza na MTU (kikomo cha ukubwa wa pakiti) ya 1420, na baadhi ya mitandao ya simu haipitishi pakiti za ukubwa huo. Ishusheni hadi 1280 kwenye kompyuta yako na kwenye ruta, kisha ujaribu tena.

WireGuard hupita kwenye UDP peke yake (namna moja ya kusafirisha data), na kuna hoteli zinazoruhusu kurasa za wavuti tu. Kwa ajili ya siku hizo, mwambie mtu wenu wa IT aache pia OpenVPN kupitia TCP (namna nyingine), mlango wa 443, ule wa kurasa za wavuti. Itakuwa nzito kidogo, lakini itapita sehemu nyingi. IKEv2 nayo ni salama ikipangwa kwa vyeti vya kidijitali, na Windows na iPhone zinayo tayari. Mkiwa na kifaa kisichokubali programu ya ziada, itumieni. L2TP iacheni. Yenyewe haisimbi chochote, inategemea IPsec (itifaki nyingine ya kusimba), na maofisi mengi huiwekea neno la siri moja linalojulikana na kila mfanyakazi, pamoja na walioacha kazi.

Hayo ni ya usalama, sasa naongeza la faragha. Itifaki inalinda njia kati yako na ruta ya Dar es Salaam, inaishia hapo. Mkiipanga ipitishe intaneti yako yote, ofisi itaweza kuona tovuti unazotembelea. Mwombe mtu wa IT apitishe kwenye VPN anwani za seva ya ofisi pekee, mambo yako binafsi yapite njia yake.

Msisahau pia sheria. Oktoba 2023, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN kujiandikisha ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo na kutoa taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP. Hilo ni jukumu la kampuni, kwa hiyo muulize bosi kama lilifanyika.

Siku ya kufunga, kila kifaa kipewe ufunguo wake: kompyuta wake, simu wake, na mwenzako wake. Simu ikiibiwa stendi, mtu wa IT atafuta ufunguo wa simu hiyo kwenye ruta, na ninyi wengine mtaendelea na kazi.