Kwani Livingstone Alipotea Lini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi naendesha bodaboda huku Kigoma, kijiwe changu kiko Mwanga. Juzi nilimpeleka mgeni Ujiji, pale makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti wa zamani, tukiwa chini ya mwembe akanionyesha kwenye simu kipande cha gazeti la kizamani la Marekani, kimeandikwa Stanley "found" Livingstone. Na Kiingereza changu cha fomu tu nikamtafsiria mzee mmoja anauza karanga hapo, nikamwambia Stanley alimpata Livingstone. Mzee kacheka mpaka kakohoa, kaniuliza kwani alipotea lini, si alikuwa anakaa hapahapa? Nikakosa jibu. Hiyo "found" maana yake nini hasa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee wa karanga kakushinda kihalali kabisa.

"Found" ni "find" iliyokwisha pita, na maana yake ya kale hasa ni kukuta tu, yaani unaenda unakutana na kitu, hata kama hukuwa unakitafuta. Sie Waswahili tuna neno kwa kila hali. Umetafuta ufunguo mpaka chini ya godoro, umeupata. Umerudi nyumbani mama anasonga ugali, umemkuta. Elfu tano imelala njiani, umeiokota (na mwenyewe akichelewa kurudi ndo imetoka hiyo). Daktari kapima kaona malaria, kaigundua. Mwingereza zote hizo anamaliza na "find".

Sasa waandishi wa magazeti ya zamani waliipenda kwa sababu ni fupi, inaingia kwenye kichwa cha habari bila kusukumwa. Mwili umeonekana mtoni, "found dead", alikutwa amekufa. Wazee wa baraza mahakamani wamekata shauri, "found guilty", na hii tuliibeba mzimamzima ndo maana redioni unasikia "amepatikana na hatia", kama vile hatia ilikuwa mfukoni mwake wakampekua.

Turudi Ujiji. Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na kwa maelezo yake mwenyewe tajiri wa gazeti, Bennett, alimwita Paris mwaka 1869 akamwambia amtafute Livingstone. Kwa hiyo kwa wasomaji wa New York na London mtu kapotea, barua zake haziwafikii. Lakini Ujiji wanamjua! Alishafika hapo 1869, akavuka ziwa kwenda Manyema, Kongo ya leo, akarudi Oktoba 1871 amechoka, anaumwa, na bidhaa alizotumiwa kutoka pwani akakuta zimeshauzwa. Na Stanley hakuotea, kabla hajafika, kule mto Malagarasi alikutana na msafara unatoka Ujiji, akauliza habari, wakamwambia yupo mzungu kule, mzee, ana ndevu nyeupe, mgonjwa. Yaani kaelekezwa njia kama wewe unavyoelekezwa nyumba ya abiria! Alipofika karibu na mji mtu wa kwanza kumsalimia kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Sasa hapo nani kampata nani?

Hakukuwa na simu ya waya Ujiji, barua zilipita Tabora mpaka Unguja ndo zikapanda meli, na Herald wakaitoa hiyo habari Julai 1872, Stanley na Livingstone wameshaagana Tabora tangu Machi. Mwaka huohuo Stanley akatoa kitabu na "found" iko kwenye jina la kitabu lenyewe, na hapo neno likaganda.

Mi naona gazeti halikudanganya, ila lilimeza kipande. Aliyepotea kapotea kwa nani? Kiingereza kinakuruhusu usiseme, neno linabaki vilevile. Kiswahili kinakubana palepale, ukisema "alimpata" lazima mtu akuulize alipotea lini, kama ulivyoulizwa.

Kwa hiyo mgeni mwingine akikuonyesha, tafsiri "Stanley alimkuta Livingstone Ujiji". Mzee hatakohoa. Na ukikutana na "founded" usiichanganye na hii, ile ni kuanzisha, mji au chama au shule, ndugu wa sura tu.

Halafu mnunulie mzee karanga zake, kakufundisha bure.